Mzaha niliouandika kwenye picha ya kambi ya wakimbizi, na kaburi la Mokambo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka miwili. Nacheka kwenye nyuzi za watu, naacha emoji, naondoka. Leo ni zamu yangu kuandika, na nawaambia mapema kabisa: hii si chai, si hadithi ya kutunga. Ningefurahi sana kama ingekuwa chai.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, Lubumbashi, Congo. Niko sixième, mwaka wa mwisho wa sekondari. Wale wa PM tulieni, baba yangu anachomelea vyuma na ana hasira za karibu.

Kiswahili chetu mnakijua, tunakivunja mbavu kwa Kifaransa. Nitajitahidi kuandika kama ninyi, ila watu wakiongea nitawaacha waongee walivyoongea.

Jambo la kwanza mjue: shuleni mimi ndiye yule. Kila darasa linaye mmoja. Niliwahi kubandika kwenye ubao wa matangazo kwamba mkuu wa shule amejifungua mapacha, mwalimu wa dini akaisoma kwa sauti mbele ya shule nzima mpaka mwisho ndipo akashtuka. Mkuu wa shule yetu ni padri.

Sasa ndio mjue ni mtu wa namna gani alipelekwa kufanya kazi aliyopelekwa.

Kwenye option yetu, commerciale, yaani mchepuo wa biashara, kila mwanafunzi wa mwisho lazima afanye stage, yaani mwezi mzima kazini kwa watu, unajifunza ofisi. Wenye akili walipelekwa benki. Wenye wajomba walipelekwa forodha. Mimi nikapelekwa archives za chuo kikuu.

Niliuliza archives ni nini. Mwalimu akanijibu: "Ni mahali pa kimya, Béa. Watakusaidia."

Wakuu, kimya kile si cha kawaida. Vyumba vitatu vya kutunzia karatasi za zamani, nyuma ya jengo, madirisha yamefungwa na karatasi za bluu ili jua lisiingie, rafu mpaka dari, na juu ya rafu makatoni. Katoni za maziwa ya unga, katoni za sabuni, katoni za bia. Ndani ya katoni za bia kuna barua za watu waliokufa. Kwenye kona beseni mbili za kukingia mvua, kwa sababu ilikuwa mwezi wa mvua na bati lilikuwa na maoni yake.

Bosi wangu alikuwa Papa Ngoie. Mzee mwembamba, suruali imepanda juu mpaka karibu na kifua, penseli sikioni. Ameitunza ile sehemu tangu mimi sijazaliwa, na miezi mingine mshahara unasahau njia. Siku ya kwanza alininawisha mikono kama daktari, akanipa taulo na penseli, akaniambia:

"Mikono ikauke muzuri. Bic hapana. Hapa tunaandika na crayon tu. Bic inaua karatasi."

Nikasema: "Papa, hizi karatasi si zilisha kufa?"

Hakucheka. Alinitazama kama anatafuta niliko kwenye rafu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna picha nyingi zilizoletwa na binti wa mpiga picha mmoja wa zamani, alikuwa na studio commune ya Kenya. (Kenya ni mtaa wetu hapa Lubumbashi, wakuu, si ile nchi. Kila mara lazima nieleze.) Baba alikufa, binti akaona heri atuletee makatoni manane kuliko panya wayale. Picha hazikuandikwa kitu nyuma. Sura, sura, sura, hakuna jina hata moja.

Kwa kila picha unajaza kikaratasi kigumu, wanaita fiche. Fiche ina mistari minne: nani anaonekana, ni wapi, kunafanyika nini, na wa mwisho, nani amesema.

Huo mstari wa mwisho ndio dini ya Papa Ngoie. Huandiki jina la mtu kwenye picha mpaka kuwe na kinywa kilicholitaja, na kinywa hicho kiwe na jina. "Kama hakuna muntu alisema, acha wazi. Mustari wazi hauna zambi."

Fiche ambazo ziko wazi zilikaa kwenye sinia jekundu. Zile zilizojazwa mistari yote minne hazikupita kwake tena, zilienda moja kwa moja kwenye albamu za Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku ya wazee. Papa Ngoie alianzisha mwenyewe. Wazee wa mji wanakuja, wanapewa chai ya maziwa, wanafunua albamu na kutaja watu. Yule ni fulani, alicheza mpira. Huyu alikuwa mshonaji wetu. Huyu mwanamke, jamani, acheni tu. Papa Ngoie anaandika kwa penseli yake huku ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto.

Mnaona lile tundu lilipo? Mimi niliona wiki ya pili. Ukijaza mstari wa nne, hakuna anayekukagua.

Katoni la sita lilikuwa la sécession. Ule wakati, mwaka 1960, Katanga ilipojitangaza kuwa nchi yake yenyewe na mji wetu bado unaitwa Elisabethville. Shuleni tulisoma kurasa mbili, moja ina ramani. Nyumbani kwetu haisemwi kabisa. Sisi ni wenyeji, tuko hapa kabla ya mgodi, na ukiuliza wazee wetu watu wa Kasai, wageni walioletwa na kazi ya mgodi, walifanyiwa nini, mtu anakumbuka ana kuku wa kulisha.

Kwenye katoni hilo kulikuwa na picha za kambi. Pembeni ya mji, maelfu ya Wakasai waliofukuzwa majumbani, wamejenga vibanda vya magunia na matawi, na askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za bluu, wanawazunguka ili wasiuawe. Nilizitazama kama ninavyotazama picha za kitabu cha jiografia. Ukweli ndio huo, sitajipamba.

Ilikuwa Jumanne, mvua inapiga, Papa Ngoie ameenda rectorat, ofisi ya mkuu wa chuo, kudai beseni nyingine. Nimejaza "haijulikani, haijulikani, haijulikani" mpaka mkono umekuwa wa mbao.

Halafu nikakutana na yule kijana.

Foleni ya maji kwenye bomba. Wanawake na mabeseni. Mbele kabisa, kijana wa miaka kumi na sita hivi, koti la mtu mzima linamfika magotini, na begani amebeba kichwa cha cherehani. Hana meza yake, hana pedali, kile chuma tu. Watu wote wamebeba vyombo vya maji, yeye amebeba cherehani. Na hamtazami mpiga picha. Anatazama pembeni, mdomo wazi kidogo, kama amepotea sokoni.

Nilicheka peke yangu. Mungu anisamehe, alinichekesha.

Nikachukua fiche nikaandika, kwa penseli safi kabisa, mwandiko wangu wa mtihani:

Nani anaonekana: kijana mshonaji, walimwita Sans Souci, yaani Bila Wasiwasi.
Wapi: kambi ya wakimbizi.
Kunafanyika nini: anaaga. Kesho yake alikwenda Mokambo na mashine yake, akashonea nguo maofisa wa mpakani, akanenepa sana, akazeeka huko.
Nani amesema:

Hapo nikasita. Nilihitaji kinywa. Nikaandika jina la nyanya yangu, Kambo Feza (kambo kwetu ndiye nyanya), wa commune ya Kenya. Yeye alishafariki mwaka juzi. Nilimchagua kwa sababu hiyo hasa, maana hakuna atakayemfuata kumuuliza.

Nikaitia kwenye rundo la zilizokamilika, nikaenda kununua ndizi za kukaanga. Nilipanga kumwonyesha rafiki yangu Ijumaa, tucheke, halafu niifute. Nilisahau. Kweli nilisahau, wakuu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata akaja mama mmoja mgeni, wa miaka sabini na kitu, kitambaa cha kijani kichwani, anashikwa mkono na mjukuu wake Trésor, mvulana wa rika langu. Mama Kapinga. Anauza dawa za mitishamba na sabuni sokoni Kenya. Amesikia kanisani kwamba chuo kina picha za kambi, na yeye alikaa kambini akiwa mtoto wa miaka minane.

Papa Ngoie akampa chai, akampa albamu. Mimi nilikuwa mezani jirani nachonga penseli.

Alifunua taratibu, anamwambia Trésor: "Angalia, hivi njo tulikuwa tunalala. Hii njo maji. Ona huyu mama na beseni, balikuwa banapigana juu ya ile maji."

Kisha akaacha kufunua.

Niliinua macho. Kidole chake kilikuwa juu ya picha, hakigusi.

"Huyu njo yaya Mbuyi," akasema. Njo ni ndiye au ndiyo, na yaya kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa. "Trésor. Huyu njo yaya yangu Mbuyi."

Trésor akasema: "Kambo, angalia muzuri."

"Unanifundisha sura ya yaya yangu?"

Akatueleza. Nitaandika kwa ufupi kwa sababu sitaki kuongeza neno ambalo hakusema.

Baba yao alikuwa mshonaji. Walipofukuzwa waliacha kila kitu nyumbani, hata cherehani. Baba aliuawa njiani wakienda kambini. Walikaa kambini miezi. Halafu zikaja treni za kuwarudisha watu Kasai, na siku mbili kabla ya treni yao Mbuyi akasema hawezi kurudi kwa watu mikono mitupu, anaenda kuchukua mashini ya baba. Mama yake akamshika shati. Shati likachanika, akaenda.

"Tulimungoya siku mbili. Train ikalia. Mama akasema, tupande, atatukuta kule. Hakutukuta. Kule Kasai bantu balituambia, ule mutoto balimuua kwenye nyumba yenu, mashini njo ilimuua. Mama alikufa na ile. Kila akisikia mashini ya kushona, anatoka nje."

Miaka baadaye Mama Kapinga alirudi Lubumbashi kuolewa. Mpaka leo hajawahi kupita mtaa ule wa nyumba yao.

"Sasa iko hapa," akasema. "Iko na mashini. Alitoka mule mu nyumba. Alitoka!"

Papa Ngoie naye amesimama, penseli mkononi. Akasema kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia: "Mama, na fiche iko na habari. Kuna muntu alimujua." Akasoma. Kila neno langu. Sans Souci. Mokambo. Akanenepa. Akazeeka huko.

Mama Kapinga alicheka na kulia pamoja. "Akanenepa! Mbuyi? Ule mufupa?"

Halafu akauliza: "Huyu Mama Feza iko wapi, nimufikie leo, nimupigie magoti?"

Papa Ngoie akanigeukia. Alijua jina la ukoo wangu. "Béa, si njo kambo yako?"

Wakuu, hapo ndipo pangekuwa mwisho wa uzi huu. Sekunde tatu tu. Papa ile ni mchezo, niliandika mimi. Maneno sita. Nimeyahesabu baadaye mara nyingi.

Nikasema: "Alikufa, mwaka juzi. Alikuwa anatusimulia."

Yule mama akanyanyuka, akaja kwenye meza yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Pole, mutoto yangu. Pole sana. Kambo yako alikuwa muntu." Akanifanyia sala, pale pale, kwa ajili ya roho ya nyanya yangu aliyemtunzia habari za kaka yake.

Nilikaa nimeinamisha kichwa. Nikajiambia, acha, atakaa na furaha yake, kuna ubaya gani. Tayari ni mzee, ataenda wapi?

Alienda Mokambo.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Trésor ndiye alipita kuomba nakala ya picha na kutueleza kwamba kambo ameondoka na mwanawe, mjomba wa Trésor, wamepanda lori la unga, barabara imekatika na mvua lakini hasikii la mtu. Miguu yake imevimba. Amebeba shati jipya la mwanaume mnene.

Shati la mtu mnene, wakuu. Kwa sababu niliandika akanenepa.

Sikula siku hiyo. Na hapo bado sikusema. Nilijipa moyo kwamba watauliza, hawatampata, watarudi. Mtu hawezi kupatikana kama hayupo, si ndiyo?

Anapatikana. Mokambo ni mji wa mpakani na Zambia, kila mtu ametoka mahali. Unapofika na mama mzee mwenye miguu imevimba, anauliza mshonaji wa Kasai aliyekuja zamani na mashine yake, kila mmoja anataka kumsaidia. Mmoja akakumbuka mzee mmoja mshonaji. Mwingine akasema ndiyo, alikuwa peke yake, hakuwa na ndugu. Mnene? Ndiyo, ndiyo, mnene kidogo. Jina? Tulimwita Muzee tu. Wakampeleka makaburini wakamwonyesha msalaba wa chuma uliolala upande, maandishi yameliwa na kutu.

Wale watu hawakuwa waongo. Walimpa walichokuwa nacho. Mimi ndiye niliyeanza kumpa nisichokuwa nacho.

Akarudi Lubumbashi, akafungua kilio, yaani matanga ya kaka yake.

Trésor aliniletea habari mwenyewe: "Béa, familia yote inakuya. Kambo anasema na we ufike, uketi na ba familia, juu ya kambo yako."

Alipoondoka nilimfuata Papa Ngoie kwenye chumba cha tatu. Alikuwa anamwaga maji ya beseni. Nikamwambia yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika.

Aliweka beseni chini. Nilitegemea kofi. Ningelipenda lile kofi.

Akaenda kwenye albamu, akatoa fiche, akasoma tena kimya, kisha akafuta. Mstari mmoja mmoja, polepole, akipuliza takataka za kifutio. Alipofika kwenye jina la nyanya yangu akanipa kifutio.

"Hii futa we."

Nikafuta.

"Miaka makumi mawili na saba," akasema, "bantu banakuya hapa banasema, chuo iko na bongo, chuo inaandika tu yenye serikali inapenda. Nikasema hapana, kuya uone, kila neno iko na mwenyewe." Bongo kwetu ni uongo, wakuu. Akarudisha penseli sikioni. "Ya karatasi imeisha. Ile ya kule ku kilio, sina kifutio yake."

Nikamwomba aje na mimi. Akakataa. Halafu nilipofika kwenye geti nikamwona nyuma yangu, amevaa koti.

Pale kwenye kilio turubai limefunga barabara nusu, viti vya plastiki, wanaume upande mmoja wanacheza karata, wanawake wanasonga bukari, ugali wetu, kwenye sufuria kubwa kama pipa. Walikuja watu wa Kasai wa mtaa mzima. Watu walicheka pia, vilio vya watu waliokufa zamani havina machozi mengi. Kwenye meza ndogo ile picha, imekuzwa, kijana na cherehani. Pembeni yake kopo la maziwa ya unga lenye udongo wa Mokambo.

Mama Kapinga alikuwa amekaa mkekani, kitambaa cheusi. Alikuwa ametulia. Nataka muelewe hili: sikuwahi kumwona mtu ametulia namna ile. Uso umelala kama shuka iliyopigwa pasi. Aliponiona akagonga mkeka. "Kuya, mutoto ya Feza. Ikala hapa."

Papa Ngoie alibaki amesimama nyuma yangu.

Nikapiga magoti. Nikasema: "Kambo, ile fiche ni bongo. Niliiandika mimi. Nilikuwa nacheza. Kambo yangu hakumujua Mbuyi. Hakuna muntu alisema Mokambo."

Hakusikia, au alijifanya hakusikia. "Nini?"

Nikarudia kwa sauti. Karata zikawekwa chini. Mwanamke mmoja akaanza kunipigia kelele kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, mjomba wa Trésor akainuka na kiti mkononi, Trésor akamshika. Trésor hakunitazama. Hajanitazama mpaka leo.

"Na sura?" Mama Kapinga akauliza. "Picha nayo uliifanya?"

"Hapana, kambo. Picha njo ya kweli."

Akamtazama Papa Ngoie. Papa Ngoie akasema: "Picha ni ya kambi, mama. Ile njo kweli, binti ya mupiga picha alitupatia mwenyewe. Ingine yote sijui. Hakuna mwenye anajua."

Alikaa. Watu walinguruma, yeye akakaa tu, macho kwenye picha. Na mimi nikaona anavyoelewa kitu ambacho sote tulikuwa nacho mbele ya macho tangu ile Alhamisi na furaha ya Mokambo ilitufunika tusikione.

"Basi alirudia," akasema.

Akajisogeza mpaka kwenye ile meza ndogo.

"Alifika mu nyumba, akabeba mashini, akarudia ku kambi. Siye tulikuwa mu train." Alinyoosha mkono akagusa ule uso unaotazama pembeni. "Anatutafuta. Ona. Hapa anatutafuta."

Wakuu, nilikuwa nimeitazama ile picha nikacheka.

Sikumwona akilia. Aliinuka kwa kushika bega langu, alitumia bega langu kama angetumia ukuta. Akavua kitambaa cheusi, akakikunja mara nne.

"Trésor, mufungue bâche," akasema, akionyesha turubai juu.

Mjomba akasema: "Mama, bantu bamefika. Bukari iko ku moto."

"Bakule, baende. Mbuyi hakukufa. Nani amemuona amekufa? Mufungue."

Kisha akachukua lile kopo akaliweka mikononi mwangu. "Huu udongo ni ya muzee ya bantu. Peleka kwake."

Nilipeleka. Papa Ngoie alinisindikiza, baba yangu alijua ni safari ya stage. Sitasimulia barabara. Tulipata ule msalaba, tukausimamisha na mawe, nikamimina udongo wa mtu nisiyemjua mahali pake. Nilitaka kusema kitu nikakosa, maana kila nilichofikiria kilikuwa cha kubuni.

Stage iliisha. Papa Ngoie alinipa alama kumi na mbili juu ya ishirini. Kwenye maoni aliandika: "Anajua kuandika." Nimelisoma lile neno mara nyingi na sijui ni sifa au ni hukumu.

Mama Kapinga anaenda archives kila Alhamisi sasa. Hanywi chai. Ameshamaliza katoni la sita, ameanza la saba, anatazama pembezoni mwa kila picha, nyuma ya watu, kwenye milango, kama kuna koti kubwa. Trésor alimwambia Papa Ngoie kwamba nyumbani amerudia kuweka sahani moja zaidi mezani, kitu alichoacha kufanya miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Sahani ya Mbuyi.

Hiyo ndiyo hesabu yangu, wakuu. Kwa mzaha nilimzika kaka yake, kwa ukweli nikamfufua, na sijui lipi lilimuumiza zaidi.

Nilichojifunza, kama kuna anayetaka: mnaweza kunichekesha kama zamani, bado nacheka, wiki jana tu nimefukuzwa darasani. Lakini mtu aliye kwenye picha ya zamani ana nduguye mahali fulani, na huyo ndugu anaweza kuwa anauza sabuni mtaa wa pili kutoka kwako. Sikulijua hilo. Nilidhani watu wa zamani wameisha.

Karibuni mcomment. Nitukaneni, sitajibu. Anayeona ningekaa kimya nimwachie mama kaburi lake, aseme pia, nitasoma vizuri, kwa sababu kuna siku na mimi nafikiri hivyo.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepita kambi ya Elisabethville, muulize tafadhali: kijana mwembamba, koti kubwa, cherehani begani, jina Mbuyi, amekosa treni ya familia yake. Alienda wapi?

Kama hajui, niandikieni hajui. Msinifurahishe.